Mteremko wa Saa Saba Mchana

Kabla hajawa mlinzi wa geti huko Midrand, jirani na Johannesburg, Octave alikuwa kiongozi wa wapanda mlima. Hakulisema hilo ovyo. Johannesburg kila mlinzi ana alichokuwa kwao: huyu alikuwa mwalimu, yule alikuwa na duka la vipuri, mwingine karani wa mahakama, na wote sasa wanainua na kushusha kizuizi magari yapite. Yeye alikuwa mtu wa Mutwanga, upande wa Kongo wa mlima Ruwenzori. Kwa miaka kumi na minne aliwatoa wageni kwenye migomba, akawapitisha kwenye matope na majabali, akawafikisha juu kwenye barafu isiyoyeyuka, na akawarudisha chini wazima.

"Wote," alikuwa akimwambia mkewe Jocelyne siku alizokuwa na furaha. "Hata mmoja sikumwacha."

Hakuwa mtu wa kutishwa na mteja. Siku moja Mbelgiji mmoja alitaka kuvuka barafu saa sita mchana, jua likiwa limeshailainisha. Octave, kijana wa miaka ishirini na sita, alikaa juu ya kamba akamwambia, "Kamba ni yangu. Ukitaka kwenda, nenda bila kamba." Mbelgiji alitukana mpaka akachoka, kisha wakateremka wote.

Halafu vita vikafika kwenye njia ya mlima. Waliokuja na mapanga hawakuuliza nani kiongozi na nani mkulima. Wageni wakaacha kuja, vibanda vya mlimani vikaoza, na Octave akashika njia ya kusini: Zambia, Zimbabwe, mpaka Johannesburg. Mwaka wa pili Jocelyne akamfuata. Walipata chumba ghorofa ya tatu huko Bertrams, Jocelyne akawa anasuka nywele za watu, na binti yao Murielle akazaliwa hapo hapo. Sasa Murielle ana miaka tisa. Kiswahili anakisikia chote, ila anajibu kwa Kiingereza, na akikasirika anajibu kwa Kizulu. Karatasi ya Octave ya kuomba hifadhi imefanywa upya mara nyingi hata yeye hahesabu tena, kila mara kwa muda mfupi, kila mara baada ya foleni ndefu.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja alipokutana na Luqman. Luqman alikuwa mhandisi wa umeme, mzaliwa wa Tanga, aliyesomea Uswisi na kujifunza skii, yaani kuteleza juu ya theluji, hukohuko. Alikaa na mkewe Yasmin ndani ya mtaa ule wenye geti. Siku moja ya Agosti alisimamisha gari pale kwenye kizuizi, na juu ya gari pamefungwa mbao nne ndefu, nyembamba, zilizopinda kwenye ncha. Akamsikia mlinzi anaongea Kiswahili kwenye simu.

"Kumbe wewe ni ndugu," Luqman alisema, akishusha kioo.

"Ndiyo, patron. Niko wa Kongo." Octave alizikodolea macho zile mbao. "Hizo ni za barafu?"

"Ni skii. Unazijua?"

"Skii sizijui. Barafu naijua."

Luqman alicheka, lakini siku ya pili alirudi kwa miguu, akasimama dirishani pa kibanda cha ulinzi, na wakazungumza mpaka foleni ya magari ikaanza kupiga honi. Alitaka kusikia yote: kamba, meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu, namna mtu anavyojua barafu iliyo imara na isiyo imara. Mwishoni mwa wiki alimleta Yasmin. Yasmin alikuwa mfamasia, mtu wa Mombasa, mwepesi wa kucheka, na ndiye wa kwanza pale mtaani kumwita Octave kwa jina badala ya kumwita mlinzi.

"Kaka Octave," alimwambia, "huyu mume wangu amepata mtu wa kumsikiliza. Mimi nimechoka."

Mpango ulikuwa huu. Kila mwaka majira ya baridi ya kusini yanapokwisha, kuna baridi ya mwisho inayopiga kutoka baharini, na theluji huanguka kwenye milima iliyosimama juu ya Karoo, ile nyika kavu ya mawe na vichaka ambayo mtu huiendesha siku nzima bila kuona mto wenye maji. Huko hakuna mashine ya kuwapandisha watu. Unabandika ngozi maalumu chini ya skii ili zisirudi nyuma, unapanda kwa miguu yako mwenyewe, ukifika juu unazibandua na kuteleza kushuka. Luqman na Yasmin walihitaji mtu wa kubeba mahema na chakula. Lesotho ilikuwa karibu zaidi, lakini kule kuna mpaka, na karatasi ya Octave haivuki mpaka. Karoo iko ndani ya nchi.

"Kuna jambo jingine," Luqman alisema. "Nina rafiki mwenye kampuni ya kupeleka watalii kwenye milima ya Drakensberg. Anatafuta kiongozi mkuu, mtu anayejua baridi na kamba. Kuhusu karatasi zako atashughulika yeye. Anachotaka ni neno langu kwamba nimekuona kazini."

Octave alirudi Bertrams jioni ile kama mtu aliyekunywa. Jocelyne alimsikiliza huku mikono yake ikiendelea na kichwa cha mteja.

"Mlima tumeukimbia," alisema, "sasa wewe unaufuata."

"Ni kazi, Jocelyne. Kazi yangu."

"Una goti bovu."

"Goti litajua lenyewe."

Zamu zake alimwachia Fiacre, Mrundi waliyefanya naye kazi getini, na baridi ya Septemba ilipopiga, wakaondoka watatu.

Waliendesha tangu asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama. Walipoiona milima, Octave aliegemea mbele. Chini, ardhi ilikuwa nyekundu na kavu, kondoo wakitafuta kivuli kwenye vichaka. Juu, kama kwamba ni nchi nyingine, mgongo mzima wa milima ulikuwa mweupe. Waliacha gari kwenye shamba la mkulima mmoja wa kondoo, na kesho yake wakapanda hadi kibanda cha mawe cha wachungaji, kisichokaliwa na mtu wakati wa baridi.

Siku hiyo ya kwanza ilikuwa njema. Octave alibeba mzigo mkubwa kuliko wote na goti halikulalamika. Theluji ilikuwa kavu, inalia chini ya kiatu. Aliwaangalia wenzake wanavyopanda na zile ngozi, kisha wanavyoteleza, Luqman kwa fujo na kelele, Yasmin kwa mikunjo midogo midogo kama mtu anayeandika. Mchana Yasmin alitandika koti lake juu ya theluji akaswali, kisha akamkaribisha Octave tende na chai ya tangawizi.

"Ulipoiona theluji mara ya kwanza ulifikiri nini?" alimuuliza.

"Nilifikiri ni uongo," Octave alisema. "Nililamba."

Yasmin alicheka mpaka chai ikamwagika. Luqman akawapiga picha. Usiku Octave alilala kama mtoto, na asubuhi alipoamka alihisi upepo shavuni.

Upepo ulikuwa umegeuka. Ulitoka chini, jangwani, na ulikuwa wa moto. Theluji haikulia tena chini ya kiatu.

"Patron," alimwambia Luqman wakati wa chai, "leo tuondoke upesi. Saa tano tuwe tumesharudi. Ile barafu itakuwa mubaya."

"Sawa kabisa," Luqman alisema. Alisema kwa nia njema. Lakini kifungo cha kiatu chake kimoja cha skii kilikuwa kimevunjika, na alikitengeneza kwa waya kwa saa nzima na zaidi. Kisha ngozi za Yasmin zikakataa kushika kwa kuwa gundi ilikuwa na maji. Walipoanza kupanda ilikuwa saa nne. Walipofika juu ilikuwa karibu saa saba, na jua limesimama utosini.

Njia ya kurudi ilipita kwenye mteremko mpana wa nyasi uliofunikwa na theluji, na chini ya mteremko palikuwa na korongo lenye mawe. Octave alikuwa anatembea kwa miguu, na hapo ndipo ilipokuwa tofauti. Wenye skii walielea juu. Yeye alizama mpaka gotini, na pale mguu ulipogusa chini alisikia maji yanatembea. Nyasi zilikuwa zimelala, ndefu, zenye utelezi, na juu yake theluji nzito imekaa tu, haijashika popote.

"Patron," aliita. "Chini iko na maji. Tupande tena kidogo, tuzunguke kwenye mawe."

Luqman aliangalia mawe. Kuzunguka kungewachukua saa mbili, na skii mabegani. "Hapa ni Karoo, Octave, si Uswisi," alisema, bila ukali. "Theluji yenyewe hii haifiki hata kiunoni. Nitavuka mimi kwanza. Mkiona niko salama, mnafuata mmoja mmoja."

Akavuka. Aliteleza polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, akiacha mstari mrefu mweupe juu ya weupe, na hakuna kilichotokea. Kule ng'ambo alisimama kwenye jabali akapunga mkono.

Octave na Yasmin walibaki peke yao. Yasmin alitazama mstari wa mumewe, kisha akamgeukia. Miwani yake ya jua alikuwa ameipandisha kwenye kofia, kwa hiyo Octave alimwona macho.

"Kaka Octave," alisema kwa sauti ya chini, "wewe unaionaje?"

Hapo ndipo maisha ya Octave yalipogeuka. Miguu yake ilijua. Yule kijana wa Mutwanga angekaa chini juu ya theluji na kusema hapana, na wala asingesema mara mbili. Lakini yule kijana hakuwa na foleni ya kuomba hifadhi, wala kizuizi cha kuinua na kushusha, wala mtu ng'ambo ya pili aliyeshika neno la kumtoa getini. Octave alimtazama Luqman anayepunga mkono. Alifikiri: amevuka, hakuna kitu. Alifikiri: nikimzuia mke wake baada ya yeye kuvuka, nitakuwa nimemfanya aonekane mpumbavu.

"Sharp," alisema, kama vijana wa mjini wanavyosema jambo likiwa sawa. "Enda pole pole tu."

Yasmin alishusha miwani, akaenda.

Alikuwa amefika katikati. Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu anayechana kitambaa kizito. Juu ya Yasmin theluji ilifunguka mstari mweusi, nyasi zikaonekana, na mteremko mzima ukaanza kushuka kwa pamoja, polepole kwanza, kiasi kwamba Yasmin alipata muda wa kugeuza kichwa. Kisha ukakimbia. Kisha ukaingia korongoni, na pakawa kimya.

Octave alishuka juu ya zile nyasi tupu akianguka na kuinuka. Alikuwa na sepetu moja ndogo ya kuchimbia hema. Theluji iliyokuwa laini dakika moja kabla sasa ilikuwa imeshikana kama saruji iliyokauka. Alichimba pale alipoona ncha ya fimbo ya skii ya Yasmin. Hakuwa pale. Alichimba pengine. Luqman alifika akilia jina la mkewe, akachimba kwa mikono, kucha zikatoka damu. Octave hakujua walichukua muda gani. Alijua tu kwamba jua lilikuwa limehama walipogusa kofia ya sufu, na kwamba aliposafisha theluji mdomoni mwa Yasmin na kumpulizia pumzi, pumzi haikuwa na pa kwenda.

Walifunga skii zake mbili pamoja, wakamlaza, wakamfunika kwa hema, na wakamshusha. Hakukuwa na mtandao wa simu mpaka karibu na shamba. Njiani Luqman alizungumza mara moja tu.

"Nilivuka," alisema. "Mimi nilivuka. Wewe uliniona nimevuka."

"Nilikuona, patron."

Polisi waliandika maelezo, daktari akapima, ikaandikwa ajali. Siku ya nne mwili ulirudi Johannesburg, na Yasmin akazikwa alasiri. Octave hakujua kama Mkristo anaruhusiwa, akasimama kando, karibu na ukuta wa makaburi, amevaa koti la suti aliloazima kanisani. Luqman alimwona. Alipita katikati ya watu, akamkumbatia mbele ya wote, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Huyu ndiye aliyemchimbua mke wangu kwa mikono yake." Wanaume wakaja mmoja mmoja, wazee kwa vijana, wakampa mkono. Mmoja alimwombea dua. Octave aliipokea mikono yote. Nyumbani aliingia bafu la ghorofa, wanalolitumia watu wa vyumba sita, akakaa humo mpaka majirani wakagonga.

Jocelyne alimwambia kanisani watoe shukrani, kwa kuwa amerudi mzima. Octave akakataa. Jocelyne akamwuliza kwa nini. Ndipo akamwambia alichomjibu Yasmin kule mteremkoni; walikuwa jikoni, Jocelyne akichagua mawe kwenye maharage.

Jocelyne aliendelea kuchagua mpaka maharage yakaisha. "Usimwambie mtu," alisema. "Nani mwingine alisikia?"

"Hakuna."

"Basi."

Luqman alitimiza ahadi yake. Wiki ya tatu ujumbe ulikuja kwenye simu ya Octave kutoka kwa mtu wa Drakensberg: amesikia habari zake, amesikia alivyojitoa, aje waonane. Octave aliusoma akiwa zamuni. Hakujibu. Ukaja wa pili. Hakujibu.

Baada ya arobaini kupita, Jumamosi mchana, Luqman alikuja mwenyewe Bertrams. Alipanda ngazi zote tatu na alipofika mlangoni alikuwa anahema kama mzee. Jocelyne alimpisha kiti kizuri, akampa maji. Murielle alipelekwa kwa jirani.

"Rafiki yangu anasema hujamjibu," Luqman alisema. "Usiogope. Hakuna anayekulaumu wewe."

"Ndiyo, patron."

"Lakini si hilo lililonileta." Alishika bilauri kwa mikono miwili. "Mimi nilikuwa ng'ambo. Nilimwona amesimama na wewe kabla hajavuka. Midomo yake ilikuwa inacheza. Kila siku naiona. Alikuwa anasema nini?"

Jocelyne, nyuma ya mgeni, alitikisa kichwa mara moja kumkataza.

"Alikuwa anaomba dua?" Luqman aliuliza. "Alikuwa na tabia hiyo. Kabla ya kushuka popote alikuwa anasoma dua."

Alilisema kama mtu anayesogeza kiti ili mwenzake akae. Ilimtosha Octave kusema ndiyo tu. Alifungua mdomo akitaka kuisema ile ndiyo, na kilichotoka kilikuwa kingine.

"Aliniuliza mimi naionaje," alisema. "Mimi nilijua iko mubaya. Miguu yangu ilijua. Nikamwambia iko sharp. Nikamwambia enda."

Nje, basi dogo lilipiga honi, likapita.

"Ulijua," Luqman alisema.

"Nilijua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya kazi. Nilikuwa naogopa neno lako kwa yule rafiki."

Luqman alilirudia lile neno, kazi, taratibu, kama neno la lugha asiyoijua. Aliweka bilauri mezani kwa uangalifu mkubwa, akatafuta mahali pasipokuwa na maji mezani ndipo aiweke. Akainuka. Hakumpiga, hakumtukana, hakuaga. Walisikia viatu vyake kwenye ngazi. Octave alikwenda dirishani akaona gari lake limesimama kando ya barabara, na Luqman ndani yake, mikono kwenye usukani, haendi. Alikaa hivyo muda mrefu. Jocelyne alikuja akafunga pazia.

"Alikuja kutafuta neno la kulalia," alisema. "Alikupa mwenyewe mdomoni. Wewe ukampokonya."

"Ilikuwa kweli."

"Ya nani? Imemsaidia nani? Imekusaidia wewe?"

Octave alifikiri. Alikuwa amedhani ukishasemwa mzigo ule utapungua, hata kidogo. Alijipima kama mtu anavyopima jino linalouma kwa ulimi.

"Hapana," alisema.

Mwezi uliofuata kampuni ya ulinzi ilimwondoa Midrand. Msimamizi alisema tu kuna mabadiliko. Kama Luqman aliomba, au kama mtaa ule haukutaka mlinzi anayekwenda safari na wakazi, Octave hakuuliza. Fiacre alimpigia baadaye akamwambia nyumba ya Luqman ina kibao cha kuuzwa, na yeye mwenyewe amerudi Tanga, vitu vya mkewe kaviacha kwa majirani wagawe.

Ilipita miezi mitano Octave hana kazi. Aliyoipata mwishowe ni ya siku tatu kwa wiki, kusimama mlangoni pa duka la vitambaa Marshalltown, akiangalia mifuko ya wanaotoka. Haongei sana. Wakongo wapya wakimwuliza alikuwa nani kule kwao, husema alikuwa mkulima. Goti limevimba tangu siku ile na halijarudi, na ngazi za Bertrams huzipanda akishika ukuta. Yeye na Jocelyne hawajalizungumza tena lile jambo. Mkewe anampakulia chakula, anamfulia sare, na asubuhi humuuliza kama amelala.

Octave husema amelala. Kisha anachukua kofia ya kazi, anashuka, na anaelekea mjini kwa miguu.